Alasiri Ndani ya Tangi

Pikipiki ya Swabir ilikuwa imeshavuka daraja la Ramisi. Twaiba alikuwa amekaa upande nyuma yake, amepakata kioo cha bafuni kilichofungwa kwa leso mbili, na kila walipopanda tuta kioo kilimgonga kifuani. Hakulalamika. Ndani ya kioo hicho mlikuwa na pumzi ya mumewe, naye alikuwa anaipeleka Msambweni kwa sheikh, ili aambiwe kama yeye ni mjane au bado ni mke wa mtu.

"Kishike vizuri, shemeji," Swabir alisema. "Kikianguka hapa tutaokota vipande mpaka Magharibi."

"Wewe endesha. Kufunga milango umeshafunga."

Tangu afukuzwe kiwandani, alikofanya kazi na mume wa Twaiba, Swabir alimbeba shemeji yake kokote alikotaka kwenda, na Twaiba alimtupia maneno kama hayo kila safari, naye akayameza kama mtu anayemeza kwinini.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kando ya mashamba ya miwa. Kilitengeneza vioo vya kujitazamia vya hoteli za Diani, na kazi ilifanyika ndani ya tangi la chuma lililolala chini kama tangi la lori la maji, lenye mlango wa duara. Vioo vitupu viliingizwa, mlango ukafungwa, pampu zikavuta hewa yote mpaka likabaki ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote. Kisha alumini ilichemshwa humo humo, ikawa mvuke, ikatua juu ya vioo. Lakini mvuke hauna macho. Ulitua kwenye kuta za tangi pia, ukaganda magamba, na kila alasiri ilibidi mtu aingie akayakwangue. Mtu huyo alikuwa Shutu, mume wa Twaiba, mwanamume mrefu wa Majoreni aliyetafuna karafuu kutwa kwa sababu ya jino bovu.

Mwanzoni mlango wa tangi ulikuwa na kufuli. Aliyeingia alitia ufunguo mfukoni mwake, na bila ufunguo ule mlango haukufungika kwa namna yoyote. Bwana Sanga, meneja wa wafanyakazi, aliing'oa kufuli hiyo baada ya Shutu kusahau ufunguo mfukoni akaenda nao nyumbani, kazi ikasimama asubuhi nzima.

"Nyinyi mna adabu zenu," Bwana Sanga aliwaambia. Na yeye alikuwa mtu wa huku huku, alizijua. "Pigeni hodi. Mtu akiwa ndani ataitika."

Basi hodi ikawa ndiyo kufuli. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Mtu husimama kando ya mlango, uso ameugeuza, maana kuchungulia ndani kabla hujakaribishwa ni kukosa haya. Hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa ya tatu, huondoka na asiseme neno. Swabir alilelewa hivyo na mama yake kwa kofi na kwa maneno matamu, na siku ile alifanya vivyo hivyo. Alisimama kando ya mlango wa tangi, macho chini, akapiga hodi, akangoja, akapiga tena, akangoja, akapiga ya tatu. Kimya. Akausukuma mlango ukajifunga, akawasha pampu, maana tangi likishakwanguliwa huvutwa tupu mpaka asubuhi likauke.

Shutu alikuwa ndani anasali Alasiri. Tangi lilikuwa limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, sawasawa na kibla, na lilikuwa limefutwa kwa spiriti, safi kuliko msikiti wowote. Alikuwa amefika kikao cha mwisho. Aliye kwenye sala haitikii hodi.

Asubuhi mlango ulipofunguliwa tangi lilikuwa tupu. Kikwangulio kilikuwa kimelazwa vizuri kando ya ukuta. Chuma kilikuwa kimemnywa Shutu. Chuma kitupu hunywa: hunywa unyevu wa bahari, hunywa mafuta ya vidole, hunywa harufu ya sabuni, na hakiulizi hiki ni cha nani. Kiwanda kile kilikuwa na mashine ya kupima hewa ambayo jicho haliioni, lakini hakikuwa na mtu mmoja wa kulipwa achungulie mlangoni.

Bwana Sanga alimtangaza Shutu kuwa mtoro wa kazi.

Bi Mbodze, mama yake Shutu, alikwenda hadi kiwandani na bakora yake. Ndara za mwanawe zilikuwa bado kwenye rafu ya chumba cha kubadilishia nguo, na shati lake lilikuwa bado limetundikwa.

"Mtoro gani huacha viatu?" aliuliza.

"Mama, huenda alikuwa na haraka," Bwana Sanga alijibu. "Wanaume wa siku hizi hawatabiriki. Mwulizieni Tanga."

"Mwanangu ana hofu ya kukanyaga miba tangu utotoni. Atakwendaje Tanga miguu mitupu?"

Bwana Sanga alisema hilo halikuwa katika mamlaka yake.

Vioo vilivyotoka tangini baada ya hapo vilikuwa na ukungu. Ukungu ulikuwa upande wa ndani, chini ya alumini, ukiwa mahali pa mdomo wa mtu aliyekaa kitako. Ulikuwa ukipanuka taratibu na kunywea taratibu. Hoteli moja ya Diani ilivitundika bila kuvitazama, na wafanyakazi wa vyumba wakavisugua kwa siki, kwa gazeti, kwa majivu, mpaka mgeni mmoja alipopiga simu mapokezi akasema kuna mtu ameshapumulia kioo chake na anaomba kipya. Vyote vikarudishwa kiwandani. Swabir alichukua kimoja kutoka kwenye lundo nyuma ya ghala, akakinusa, akasikia karafuu, akakipeleka kwa Twaiba. Ni kwa wizi huo alifukuzwa. Kwa kufunga mlango hakuulizwa na mtu.

Sheikh alikifungua kioo barazani kwake. Alikuwa mzee mpole ambaye watu walimpelekea mambo ya ndoa na mirathi, na alikuwa na mafua. Alipangusa miwani yake, akatazama ukungu ukija na kuondoka.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye, Sheikh. Nusa."

"Nina mafua, binti yangu. Nakuamini." Alikitazama tena. "Anapumua."

"Anapumua, lakini yumo ndani ya chuma."

"Nimekusikia. Lakini anapumua." Sheikh alikirudishia leso kwa heshima, kama anayemfunika mgonjwa. "Mke wa mtu anayepumua hakai eda. Harithi, haolewi. Mimi siwezi kumzika mtu ambaye pumzi yake inanijia usoni."

"Kwa hiyo mimi ni nani?"

"Wewe ni mke wa Shutu."

"Mke wa ukuta," Twaiba alisema.

Swabir alitazama pembeni. Sheikh alipenga kamasi, akasema kwa upole kwamba sheria haikutungwa kumwonea mtu. Aletewe mashahidi waliomwona Shutu akifa, au aletewe maiti.

"Maiti kiasi gani?"

"Vipi?"

"Nauliza kiasi gani kinatosha. Akipatikana kidogo?"

Sheikh alifikiri. Lilikuwa swali zuri na hakutaka kulikosea. "Chochote cha kuzikwa," alisema mwishowe. "Kikifika mikononi mwangu, nitakisalia."

Twaiba alishuka barazani akiwa na jambo la kufanya, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Shutu aingie tangini.

Kiwandani alimkuta Rispah, mhandisi kutoka bara aliyeletwa kutibu ugonjwa wa vioo. Alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele fupi, asiyezunguka maneno. Alimkaribisha Twaiba kwenye chumba chake, akamwonyesha kwenye kompyuta vitu ambavyo tangi lilikuwa likitoa kila lilipovutwa.

"Hii ndefu ni maji," Rispah alisema, akionyesha mistari iliyosimama. "Hii ni kaboni. Hii ni mafuta ya nazi. Na hii ilinisumbua wiki nzima, nikafikiri mashine imeharibika. Ni karafuu."

"Jino lake," Twaiba alisema.

"Pole, mama."

"Yuko wapi hasa?"

"Ndani ya chuma. Karibu na juu, si mbali. Ukiweka hewa anatulia. Ukitoa hewa anatoka kidogo kidogo. Ndiyo maana hawezi ongea, huko ndani hakuna hewa ya kubeba sauti. Anaweza tu kupumua."

Twaiba aliuliza kama anaweza kutolewa. Rispah alisema anaweza. Njia za kunyamazisha chuma kinachotoa hewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kukipasha moto, siku baada ya siku, huku pampu zinavuta, mpaka kitapike kila kilichonywa. Angeweza kuweka mtego wa baridi kwenye bomba la pampu, na kila kitakachotoka kingegandia pale kama barafu ya kwenye friji.

"Atatoka namna gani?"

Rispah alisita. "Mtu ni maji, mama. Maji mengi, na vitu vingine kidogo. Atatoka barafu. Ikiyeyuka labda ndoo, labda na nusu."

"Hata ndoo moja," Twaiba alisema. "Nipe ndoo moja nitamzika."

Njia ya pili ilikuwa kumpaka. Kipande cha madini ya titani huning'inizwa katikati ya tangi, hutiwa umeme na naitrojeni kidogo, nacho hupukutika vumbi laini lisiloonekana ambalo hushika kuta zote likawa utando mwembamba wa rangi ya dhahabu. Utando ukishashika, kilicho ndani ya chuma hakitoki tena. Kazi ya asubuhi moja.

"Hakitoki mpaka lini?"

"Mpaka chuma iishe," Rispah alisema.

Titani hiyo ilikuwa imetoka kwenye mchanga mweusi wa Kwale. Ilichimbwa kwenye ardhi ambayo wajomba zake Shutu walikuwa wakilima korosho kabla hawajahamishwa, ikapakiwa melini, ikaenda ng'ambo, ikarudi kwa ndege ndani ya sanduku la mbao kama kipande cha chuma kinachong'aa, kimefungwa karatasi laini kama tufaha la Krismasi. Mchanga ulikuwa umewatoa wajomba. Sasa ulikuwa umerudi kumfungia mpwa.

Rispah alizipeleka njia zote mbili kwenye mkutano, na alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba ya kupasha moto ni bora. Chuma kingekuwa safi kweli, si kufunikwa tu. Na kuna familia inangoja.

"Inangoja nini?" Bwana Sanga aliuliza.

"Mtu wao."

Bwana Sanga hakuwa mtu wa kufoka. Alikunja mikono ya shati lake vizuri, mmoja, kisha wa pili.

"Injinia, hebu nifuate polepole. Sisi tumesema hakuwemo. Tukimtoa, itakuwa alikuwemo."

Wakubwa walitazamana kama watu wanaoelewana.

"Mpake," Bwana Sanga alisema.

Habari zilifika Majoreni kabla Rispah hajarudi chumbani kwake. Twaiba alinunua sanda. Siku ya kupaka alikwenda na Bi Mbodze na wanawake wa mtaa, wakakaa chini mbele ya geti la kiwanda, sanda imekunjwa juu ya mapaja yake na ndoo mpya ya plastiki pembeni, mfuniko umefungwa ili vumbi lisiingie. Swabir aliegesha pikipiki upande wa pili wa barabara. Askari wa geti alikuwa mtoto wa jirani, akawa hajui atazame wapi.

"Shikamoo, Bi Mbodze," alisema.

"Marahaba. Unalinda nini humu, mwanangu?"

"Nalinda kiwanda, bibi."

"Kisije kikatoroka nacho," Bi Mbodze alisema, na wanawake wakacheka kicheko kibaya.

Kiwanda hakikutaka zogo, kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa anakuja mchana huo kuona vioo safi. Bwana Sanga mwenyewe alitoka getini akawaalika mke na mama waingie wajionee, roho zao zitulie. Walipewa viti vya plastiki na soda. Kwenye ubavu wa tangi palikuwa na kidirisha cha duara cha kioo kinene, na Twaiba aliruhusiwa kuweka uso pale.

Kabla ya kupaka ilikuwa lazima kuta zipashwe moto kidogo, ili ngozi ya chuma ikauke na utando ushike. Kidogo tu, Rispah alieleza, si kama ule moto wa siku nyingi. Aliwasha. Pampu zilinguruma chini ya sakafu. Kwa muda hakukuwa na kitu cha kutazama ila chuma.

Kisha ukuta wa nyuma ulianza kutoka jasho.

Jasho lilitoka kwa mpangilio. Ulitokea kwanza unyayo, wa kulia, umesimamishwa kwa vidole. Ukafuata mgongo, mrefu, na shati la kazi limegandia mbavuni. Likaja paja, na juu ya paja mkono, na kidole cha shahada kimenyooshwa. Kichwa kilitokea mwisho, kimeinama, na shavu lilikuwa limevimba mahali pa jino. Shutu alikuwa amekaa kikao kile kile.

"Mwanangu amekonda," Bi Mbodze alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya Twaiba, amemshika begani.

Bwana Sanga alisogea akatazama. Alitazama muda wa kutosha.

"Ni unyevu," alisema.

"Anasali," Twaiba alisema. "Hajamaliza. Ndiyo maana hakuitika. Mwacheni amalize, akimaliza ataitika mwenyewe."

"Amebakisha nini?" Bwana Sanga aliuliza.

"Salamu tu."

Bwana Sanga alitazama saa yake. Hakuwa na chuki na Shutu. Siku alipoajiriwa alimpa mkono, na Idi moja alimpa nusu ya biriani yake. Lakini gari la Mkurugenzi lilikuwa limeshapita Gazi.

"Injinia, washa."

"Niongeze moto kidogo tu, Bwana Sanga. Anakuja vizuri. Mtego wa baridi nimeshauweka. Nipe mpaka jioni."

"Uliuweka kwa ruhusa ya nani?"

Rispah aligeukia kidirisha.

"Washa."

Mkono wa Rispah ulikuwa juu ya swichi. Alimtazama Twaiba, na Twaiba alimtazama yeye, na kila mmoja aliona vizuri kabisa kinachotaka kutokea. Rispah alikuwa na haki ya kuondoa mkono wake pale akautia mfukoni. Aliwasha.

Mwali wa zambarau ulijaa tangini, mzuri, kama ua. Dhahabu ilianza mlangoni ikatambaa kuelekea nyuma bila haraka. Ndani ya chuma Shutu alihisi kitu au alifika tu mahali pake katika sala. Aligeuza uso kulia. Midomo yake ilicheza. Hakuna kilichosikika, hakukuwa na hewa.

Twaiba alipiga hodi.

Aliipiga kwa ngumi juu ya chuma, uso wake umebandikwa kwenye kidirisha, macho wazi, anachungulia ndani bila haya yoyote. Alipiga mara tatu. Kisha akapiga ya nne, na ya tano, na akaendelea, akiita kwa sauti ambayo wanawake waliobaki getini waliisikia wakasimama. "Hodi! Hodi, Shutu! Hodi, wewe! Sanga, fungua, hodi!" Dhahabu ilishika unyayo. Ilipanda mgongo. Shutu alikuwa ameanza kugeuza uso kuelekea kushoto, upande wa kidirisha, upande wa mkewe, na alikuwa amefika katikati, pua yake imeelekea mbele kama ya mtu anayesikia jina lake likiitwa, dhahabu ilipomfunika.

Baada ya hapo ukuta wote ulikuwa wa rangi moja. Geji ya kupimia hewa ya tangi ilishuka chini kuliko ilivyowahi kushuka, ikatulia hapo. Mafundi wawili walipeana mikono, kisha wakaiachia.

"Mpeni mama soda nyingine," Bwana Sanga alisema. "Hii imepata joto."

Rispah aliufungua mtego wa baridi. Ulikuwa na barafu isiyojaza kijiko. Aliitazama ikiyeyuka na harufu ya karafuu ikajaa chumba. Twaiba alisogeza ndoo. Bwana Sanga alisema kitu kinachotoka kwenye mashine za kampuni ni kemikali, na kemikali haitoki getini, na akamwonyesha Rispah sinki. Rispah alimwaga Shutu kwenye sinki, akafungulia maji, na maji yakaenda kwenye shimo nyuma ya ghala, karibu na lundo la vioo.

Kesho yake Swabir alimpeleka Twaiba tena Msambweni. Sheikh alisikiliza yote, na Twaiba alipofika mahali pa salamu alimsimamisha.

"Aligeuka kulia?"

"Aligeuka."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Na kushoto?"

"Walimwahi."

Uso wa Sheikh ulinawiri, maana mara hii alikuwa na jibu. "Salamu ya kwanza ndiyo nguzo. Ya pili ni suna. Sala yake imetimia, alhamdulillahi."

"Na mimi, Sheikh?"

"Vioo vya sasa vinatoka vipi?"

"Safi. Hapumui tena."

"Kioo safi si shahidi wa kifo, binti yangu. Hata kioo changu mimi ni safi, na humu ndani hatujafiwa." Alikohoa. "Na kile cha kwanza? Kile ulichoniletea?"

Twaiba hakutaka kusema, lakini hakuwa mwongo. "Bado kinapumua."

"Basi unaona."

"Nikakivunja je?"

Sheikh alimtazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. "Ukikivunja, atakuwa ameuawa. Na mashahidi tutakuwa sisi wawili tuliokaa nawe hapa, kwamba aliyemuua ni wewe."

Swabir, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho ya baraza, aliinuka, akakaa, akainuka tena. "Mimi ndiye niliyefunga mlango," alisema. "Niandikeni mimi."

"Ulipiga hodi?" sheikh aliuliza.

"Nilipiga."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Basi huna kosa," sheikh alisema. Swabir akalia pale pale mbele ya watu, kwa sababu alikuwa amekuja kutafuta kosa lake na amenyimwa.

Mkurugenzi aliviona vioo akavipenda. Bwana Sanga alipandishwa cheo na sasa anasimamia viwanda viwili, na ametoa agizo kwamba kiwanda cha pili nacho kisiwe na kufuli. Rispah alisifiwa kwenye mkutano wa wahandisi huko Mombasa kwa utando wake, akahamishiwa Athi River. Hanusi karafuu tena, akikutana na pilau huomba chakula kingine. Tangi linakwanguliwa kila alasiri na kijana kutoka Jego, na hupigiwa hodi mara tatu. Magamba hayashiki sana kwenye dhahabu, kazi yake ni nyepesi. Swabir aliuza pikipiki akaenda Lunga Lunga, anapakia mizigo mpakani. Hapigi hodi popote, husukuma mlango akaingia, na watu wamemchoka. Bi Mbodze alifariki baada ya mfungo, akazikwa Majoreni na msiba wake ulijaa watu. Sheikh alipona mafua. Mtu mmoja wa Shimoni, mjane mwenye watoto wadogo, alituma washenga kwa Twaiba, wakapewa chai na kuambiwa ukweli, wakarudi kwao. Mashemeji zake Twaiba wanavuna minazi ya Shutu kwa niaba yake mpaka atakaporudi. Twaiba anauza mahamri barabarani karibu na geti la kiwanda, na wafanyakazi wanaponunua humsalimu kwa jina la mumewe, mke wa Shutu, naye huitika.